Nyumbu dume ni tasa, lakini bado ni dume: mhasini

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii na mtu aliyefuga wanyama maisha yake yote: "Daktari, si nyumbu hazai, sasa nimhasi wa nini?" Hili swali nimelijibu kwa mdomo, kwa simu, kwa meseji za sauti, mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja na kuanzia sasa nitakuwa natuma linki tu.

Jibu fupi: mhasi, na mhasi mapema. Jibu refu ndio hili.

Ninaposema nyumbu hapa namaanisha baghala, yule chotara, sio yule wa porini anayehama kwa makundi. Punda dume akimpanda farasi jike anazaliwa nyumbu. Farasi dume akimpanda punda jike anazaliwa hini. Punda mwenyewe sio chotara wa kitu chochote, ni spishi kamili, asili yake ni punda mwitu wa Afrika waliofugwa kama miaka 7,000 iliyopita, na punda kwa punda wanazaana bila shida yoyote. Wala sio "farasi mdogo". Mkia wake una kishada mwishoni kama wa ng'ombe, kwato zake ni nyembamba na zimesimama wima, na vile vigaga vigumu vya upande wa ndani wa miguu anavyo mbele tu wakati farasi wengi wanavyo miguu yote minne. Inatosha, tuendelee.

Farasi ana kromosomu 64, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, punda ana 62. Nyumbu anapata 32 kwa mama na 31 kwa baba, jumla 63. Hapo hapo mtu anafunga hesabu: 63 haigawanyiki kwa mbili, basi, ndio maana ni tasa. Hii ndio inayoniudhi kuliko zote, maana inasikika kama sayansi na imeenea mpaka watu wanafundishana hivyo. Haya, mchukue farasi wa Przewalski, yule farasi mwitu wa Mongolia. Ana kromosomu 66. Ukimchanganya na farasi wa kufugwa mtoto anatoka na 65. Na 65 nayo ni witiri, haigawanyiki kwa mbili, lakini huyo mtoto anazaa vizuri tu, awe dume awe jike. Kwa hiyo namba witiri peke yake haimfanyi mnyama tasa!

Shida iko kwenye mpangilio wa ndani. Seli inapotaka kutengeneza mbegu au yai, kila kromosomu iliyotoka kwa baba inabidi impate mwenzake aliyetoka kwa mama, zilale ubavu kwa ubavu, zibadilishane vipande, ndipo zitengane. Kwa Przewalski na farasi wa kawaida tofauti ni kwamba kromosomu mbili za mmoja kwa mwingine zimeungana zikawa moja, yaliyomo ni yale yale, hivyo zile mbili zinalala pamoja na ile moja na kazi inaendelea. Kwa farasi na punda ni mambo mengine, vipande vimekatika, vimegeuzwa, vingine vimehamia kwenye kromosomu nyingine kabisa, zinatafutana hazipatani. Seli inakwama pale pale na kufa. Ukichukua korodani ya nyumbu ukaikata kipande chembamba ukaweka chini ya hadubini utaona mirija ya kutengeneza mbegu ipo, na seli za mwanzo zipo, lakini mbegu zilizokomaa hakuna au ni za kutafuta kwa tochi. Sasa usiishie hapo, sogeza hadubini kidogo, angalia katikati ya hiyo mirija. Zile seli za Leydig, ambazo ndizo kiwanda cha testosteroni, homoni ya kiume, ziko nzima na zinafanya kazi. Zenyewe hazitengenezi mbegu, kwa hiyo ule mkwamo wa kromosomu hauzihusu hata kidogo.

Ndio maana nasema watu wanachanganya vitu viwili, uwezo wa kuzaa na jinsia. Nyumbu dume asiyehasiwa ana shingo ya dume, hamu ya dume na hasira za dume. Akisikia farasi jike yuko kwenye joto atavunja uzio, atapanda, atapigana na dume mwenzake, atamuuma binadamu anayemzuia, na ana nguvu na werevu wa kuyafanya hayo kwa ufanisi mkubwa. Halafu mwenyewe unabaki unasema nyumbu ni wakorofi. Sio wakorofi, umemwacha dume mzima kwenye zizi la kazi na hakuna siku atakupa mtoto.

Kuhasi kwenyewe ni kule kule kwa farasi, lakini wenzangu wa taaluma naomba mambo mawili muyazingatie. Mishipa ya damu ya korodani za punda na nyumbu ni minene, ifungeni kwa uzi, msitegemee koleo peke yake. Na nyumbu anahitaji dawa ya usingizi zaidi ya farasi wa uzito ule ule, mara nyingi karibu nusu zaidi, ukimpa dozi ya farasi atakuamkia mezani. Mwaka wa kwanza, korodani zikishashuka, ndio wakati mzuri. Ukisubiri mpaka ana miaka minne ameshajifunza tabia, utaondoa korodani na tabia itabaki.

Jike ni habari nyingine kabisa. Mayai yake mengi yanakufa mapema mno, lakini kwa baadhi yao yanabaki machache, ndio maana utamkuta nyumbu jike anaingia kwenye joto, bila mpangilio, na mara nyingine anapevusha yai kweli. Na mji wake wa mimba hauna kasoro: miaka ya 1980 watafiti walipandikiza viinitete vya farasi na vya punda kwa nyumbu majike, wakabeba mimba, wakazaa, wakanyonyesha. Tasa aliyelea mimba mpaka mwisho! Kuna na waliozaa wenyewe. Mwaka 1984 huko Nebraska, Marekani, nyumbu aliyeitwa Krause alizaa na punda dume, wakapimwa, na mtoto akakutwa na kromosomu 63 kama nyumbu wa kawaida, maana yake yai la mama lilibeba seti ya farasi tupu. China nako miaka hiyo hiyo alipatikana mtoto ambaye kromosomu zake zilikuwa mchanganyiko, nyingine za farasi nyingine za punda. Colorado alizaliwa mwingine mwaka 2007. Vitabu vingi vinaandika "tasa" na kuweka nukta, mimi ningeandika "jike ni tasa karibu kila mara". Idadi inayotajwa ya majike waliozaa siiamini kwa pande zote mbili, maana naamini wapo waliozaa na hakuna aliyehangaika kupima, na wapo pia wengi walioiba mtoto wa farasi, kwa sababu nyumbu majike wanapenda sana watoto, anaweza akamng'ang'ania mtoto asiye wake na hata chuchu zikatoa maziwa. Bila kipimo cha damu usiniletee habari ya muujiza. Kwa upande wa dume, hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kuwa baba.

Hini sasa. Natumiwa picha kila mara, "huyu ni nyumbu au hini?" Jamani, kwa picha haiwezekani. Vitabu vinasema hini ana masikio mafupi kidogo, kichwa cha kifarasi, mwili mdogo kwa sababu amekulia kwenye tumbo la punda. Nimeshaona hini mwenye masikio marefu na nyumbu mwenye kichwa kizuri cha farasi, maana aina ya farasi na aina ya punda waliotumika inabadilisha sura kuliko kitu kingine. Kama mama yake hajulikani, njia ya uhakika ni kupima DNA ya mitokondria, ambayo inatoka kwa mama peke yake: ikiwa ya farasi ni nyumbu, ikiwa ya punda ni hini. Na kwa nini hini ni wachache? Punda jike anashika mimba ya farasi kwa shida kuliko farasi jike anavyoshika ya punda. Maelezo yanayorudiwa ni kwamba mambo yanaenda vizuri zaidi baba akiwa na kromosomu chache kuliko mama. Hiyo kwangu ni kanuni ya kuhesabu tu, haielezi nini kinashindikana ndani.

Kwa anayetaka kuzalisha nyumbu, mambo yanaanzia kwa punda dume. Aliyelelewa na punda tu anaweza asimtake farasi kabisa, kwa hiyo dume la kazi hiyo linakuzwa na watoto wa farasi tangu dogo. Pia mpeni muda. Farasi dume anamaliza kwa dakika chache, punda anapanda, anashuka, anaondoka, anasimama mbali anaangalia kwingine, anarudi, na hiyo ni kawaida yake sio kwamba amekataa. Wasiojua wanamfokea na kumpiga, na akishaogopa hapo ndipo anapokataa kweli.

Mimba ya farasi ni kama miezi 11, ya punda kama 12, ya nyumbu inaangukia katikati. Ipimeni kwa ultrasaundi, msitegemee kipimo cha damu cha eCG, homoni ya mimba ya farasi, kwa sababu kiwango cha hiyo homoni kinafuata sana baba wa mtoto: farasi jike mwenye mimba ya punda anatoa kidogo sana, kipimo kinasema hana kitu kumbe ana mimba ya miezi miwili, wakati punda jike mwenye mimba ya farasi anatoa nyingi kupita kiasi.

Na kitu cha kuangalia sana ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama akishazaa. Chembe nyekundu za punda zina alama ambayo farasi hana, mtoto nyumbu anairithi kwa baba, na farasi jike ambaye ameshazaa nyumbu anaweza kuwa ametengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo hazimfikii mtoto tumboni, zinakaa kwenye dang'a. Mtoto anazaliwa mzima, anasimama, ananyonya, halafu ndani ya siku moja mbili analegea, ufizi unapauka kisha unakuwa wa njano, na usipowahi amekufa. Kwa hiyo kabla hajanyonya changanya tone la damu yake na dang'a ya mama iliyozimuliwa kwa maji ya chumvi uone kama inagandana. Ikigandana mfunge mtoto mdomo saa 24 mpaka 48, mpe dang'a ya farasi ambaye hajawahi kuzaa nyumbu, mama umkamue na kumwaga, ndipo umrudishie mtoto wake.