Picha dhahania ya mtaa mtupu: maana yake nini?

Asubuhi ya Idi, watu wakiwa kwenye swala, mitaa ya Shangani pale Mtwara hubaki kama imehamwa. Bajaji hazipo, vibanda vimefungwa, jua bado liko chini na nguzo ya umeme imelaza kivuli chake hadi ng'ambo ya barabara. Ukisimama pale na simu yako (na ukawa tayari kuulizwa nyumbani ulikuwa wapi wenzako wakiswali), utapata picha ya mtaa mtupu. Lakini bado si picha dhahania, na hapo ndipo wengi tunapochanganya.

Dhahania ni kile kinachoshikwa na akili bila kushikika kwa mkono, kama uhuru au wivu. Wasanii wakalichukua neno wakalitumia kwa kazi isiyoegemea sura ya kitu fulani, bali mistari, rangi, maumbo na uzito wake. Watu wa kusini hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Mchongaji wa Kimakonde akitoa kinyago cha mpingo cha mtindo wa mawingu, jicho linafuata mkunjo, linaingia kwenye tundu, linatokea upande wa pili. Ukimuuliza "huyu ni nani?" umekosea swali. Kanga nayo ni hivyo hivyo: ina pindo, ina mji, na mara nyingi hakuna anayejali mji ule umechorwa nini hasa, mradi umekaa vizuri.

Tofauti ni kwamba mchongaji huanza na gogo akaliondolea asichokitaka. Mpiga picha huanza na mtaa ambao tayari una kila kitu, na kamera hainachi nje hata kokoto moja. Anachoweza kufanya ni kukata: asogee, achuchumae, apande ghorofani, avute lenzi, mpaka kwenye fremu vibaki vitu vitatu au vinne vinavyosukumana. Kipande cha ukuta. Pembe ya kivuli. Ukingo wa lami. Mwaka 1916 Mmarekani Paul Strand alifanya jambo kama hilo kwa vivuli vya reli za baraza ya nyumba, akaviweka fremuni hadi baraza ikaacha kuwa baraza.

Kwa nini basi mtaa uwe mtupu? Kwa sababu jicho la binadamu humkimbilia binadamu. Akitokeza mtu mmoja konani, hata akiwa mdogo kama punje, picha imegeuka hadithi: anatoka wapi, mbona peke yake? Maandishi yana kosa hilo hilo, na mimi yameniharibia picha nyingi kuliko watu. Ukuta mzuri wa chokaa iliyobanduka, halafu katikati "USIKOJOE HAPA". Hata alama ya X nyekundu, ambayo kwa mgeni ni umbo zuri tu, kwa Mtanzania inasomeka moja kwa moja: nyumba inabomolewa. Hilo huwezi kulisahau ukaona mistari tu.

Utupu wenyewe unaweza kuwa wa kutengenezwa. Picha ya Mfaransa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya barabara moja ya Paris, ya mwaka 1838, inaonekana haina msafara wala magari ya farasi. Barabara ilikuwa na pilikapilika, ila picha ilichukua dakika kadhaa kuingia kwenye bamba, na kila kilichotembea kikafutika. Aliyebaki ni mtu aliyetulia huku akisuguliwa viatu. Leo ukiweka kamera kwenye stendi, ukavika lenzi kichujio cheusi cha kupunguza mwanga na kuiacha wazi dakika chache, bodaboda nazo zitatoweka, alimradi zisiegeshwe.

Mwanga ndio wenye kazi kubwa. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Februari na 21 Oktoba. Siku hizo saa sita mchana nguzo haina kivuli na mtaa unalala bapa kama chapati. Juni na Julai jua liko kaskazini, hivyo hata mchana kuna kivuli cha kuchezea, kikielekea kusini. Asubuhi na jioni ni nzuri mwaka mzima. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga mkali kisha shusha mwanga, kivuli kizame kiwe cheusi tii. Kwenye vichochoro vya Mikindani, penye kuta za mawe ya matumbawe, mwanga wa kuchomea pembeni huzitoa chembechembe za ukuta zikawa karibu mada yenyewe.

Kipimo changu ni kuigeuza picha juu chini. Kama bado imesimama, nainusuru. Kama inalilia kurudishwa, ilikuwa picha ya mtaa tu. Nilimwonesha shangazi mojawapo niliyopiga Lindi, vivuli vya nondo za geti vilivyolala juu ya pevingi. Aliishika simu ubavu, akaisogeza mbali na macho, akauliza, "Mwanangu, mkeka huu nani kausuka?"