Farumi ya nyuma: trekta dogo lenye loda linataka uzito wapi

Mabaharia wa majahazi huita farumi ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisije kikapinduka. Nalitumia neno hilo hapa kwa sababu "balasti" kwa wengi wetu ni kokoto za zege, na tukilitumia tutachanganyana. Trekta dogo la nguvu farasi 25 hadi 40 lililofungwa loda (mikono yenye ndoo ya kuzolea) mbele linahitaji farumi nyuma kila siku, hata kama kazi ni kusomba samadi ya ng'ombe wanne tu.

Wengi wanajua kwamba nyuma ikiwa nyepesi, magurudumu ya nyuma huinuka. Kisichojulikana sana ni kwamba mahali unapoweka uzito ni muhimu sawa na wingi wake. Tuchukue trekta lenye kilo 1,200 pamoja na loda tupu, kilo 600 mbele na 600 nyuma. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 1.6, na katikati ya ndoo ya loda iko mita 1.3 mbele ya ekseli ya mbele. Ukipakia kilo 400, ekseli ya mbele haiongezewi 400. Inaongezewa kilo 725, kwa kuwa ndoo inafanya kazi kama mtaimbo: inakandamiza mbele na kuinua nyuma kwa wakati mmoja. Mbele sasa ina kilo 1,325, nyuma imebaki na 275.

Weka kilo 300 za maji ndani ya tairi za nyuma. Nyuma inapanda hadi 575, lakini mbele inabaki vilevile, 1,325. Sasa ondoa maji hayo, uning'inize kilo 300 kwenye mikono ya haidroliki, sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nyuma inafika 744 na mbele inashuka hadi 1,156. Uzito ni uleule, ila ule ulioning'inia nyuma ya ekseli unaivuta mbele juu. Ndiyo maana nasisitiza: uzito wa kuning'iniza kwanza, maji ya tairi baadaye.

Ekseli ya mbele ya trekta dogo, hasa lile la magurudumu manne yanayosukuma, ndiyo sehemu inayoumia kimyakimya. Dalili huanza na sili kuvuja mafuta na usukani kuwa mzito, kisha beringi, mwisho gia za ndani. Nyuma ikiwa nyepesi, tairi za nyuma huteleza na kazi yote ya kusukuma inaangukia gia hizohizo za mbele. Kubadilisha sili bila kuongeza farumi ni kupoteza pesa.

Kuna na suala la breki. Matrekta madogo mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiteremka na ndoo iliyojaa na nyuma haina uzito, unakanyaga breki, magurudumu yanajifunga, trekta linaendelea kuteleza. Weka gia ya magurudumu manne kabla ya kuanza kushuka, ili magurudumu ya mbele nayo yazuiwe na injini. Mzigo uelekee upande wa juu wa mlima: panda ukitazama mbele, shuka kinyumenyume. Ndoo ibebwe chini, sentimita 30 hivi kutoka ardhini. Na kumbuka kwamba ekseli ya mbele inabembea kwenye pini moja ya katikati, kwa hiyo mbele haizuii trekta kulala ubavu mpaka ekseli igonge mwisho wa kubembea kwake. Kinachozuia ni magurudumu ya nyuma. Yakikosa uzito, shimo dogo linatosha. Fremu ya kulinda dereva iwe imesimamishwa na mkanda ufungwe.

Kama una rotaveta (mashine ya kutifua udongo) au mashine ya kufyekea nyasi, iweke nyuma na uipime, inaweza kutosha. Toa kwanza shafti ya PTO, ile inayopeleka mzunguko wa injini kwenye mashine ya nyuma. Ubaya wake ni urefu: kwenye zizi utagonga nguzo. Kitofali cha zege cha kujitengenezea, cha kuning'iniza kwenye mikono hiyohiyo, ni kifupi na bei yake ni ndogo.

Zege lina kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo boksi lenye vipimo vya ndani upana 60, urefu 46 na kimo 46, vyote kwa sentimita, litatoa kilo 305 hivi. Upana usizidi 60, kwa sababu kwenye kiungio cha nyuma cha daraja la 1, kipimo cha matrekta madogo chenye pini mbili chini na moja juu, nafasi kati ya mabega ya pini za chini ni milimita 683, na kitofali lazima kiingie kati ya mikono. Nunua shafti ya chuma kizima ya milimita 35, umpe fundi akereze ncha zote mbili hadi milimita 22 na kutoboa matundu ya klipu. Shafti ipite sentimita 12 kutoka chini na 12 kutoka uso wa mbele, ili uzito mwingi ubaki nyuma. Choma nondo za milimita 12 juu yake kama kizimba; bila hizo shafti itazunguka ndani ya zege na kulipasua. Juu ya shafti chomelea bapa mbili za milimita 10, zikiachana milimita 45 hadi 50, na tundu la pini ya juu ya milimita 19 liwe sentimita 46 juu ya shafti.

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, madebe matatu na nusu ya mchanga na madebe saba ya kokoto yatajaza boksi na kubakisha kidogo. Maji yasizidi lita 25. Mafundi hupenda zege la majimaji kwa kuwa linamwagika vizuri, lakini ndilo linalopasuka kwenye shafti. Gonga boksi hewa itoke, mwagilia siku saba, usikining'inize kabla ya siku 14.

Kabla ya kufunga, soma kwenye kitabu cha trekta uwezo wa kuinua wa haidroliki. Ukishafunga, kaza minyororo ya pembeni kitofali kisiyumbe, na ukibebe chini, sentimita 25 hivi. Usiingie chini yake kikiwa kimeinuliwa.

Kupima, tafuta mizani ya malori. Jaza ndoo, ishushe, kisha pandisha magurudumu ya nyuma peke yake kwenye sahani. Nataka walau robo ya uzito wote iwe nyuma. Pima na mchanga uliolowa, siyo samadi kavu: ndoo ya robo mita ya ujazo ikijaa mchanga huo inakaribia kilo 500. Kisha pima mbele ndoo ikiwa tupu. Katika mfano wetu mbele hubaki na kilo 431 kati ya 1,500, usukani bado unashika. Ikishuka chini ya sehemu moja ya tano, kitofali ni kizito mno na mlimani mbele itainuka.

Ukitaka kuongeza maji ya tairi juu ya hapo, geuza vali iwe juu kabisa na ujaze hadi usawa wake, karibu robo tatu, kisha ongeza upepo. Mwinuko wa kawaida wa Afrika Mashariki hauna barafu, kwa hiyo maji matupu yanatosha; chumvi ya kalsiamu, inayowekwa kuzuia maji yasigande, hula rimu. Mwambie fundi wa pancha kabla hajafungua.