Uhakiki wa setilaiti: mvuke wa juu unavyopimwa mara mbili

Setilaiti ya Aura, iliyorushwa na NASA Julai 2004, haichoti hewa. Kifaa chake kiitwacho MLS hutazama angahewa kwa ubavu, kikapokea mawimbi ya maikrowevu yanayotoka kwenye molekuli za maji, kisha programu ikakokotoa kiasi cha mvuke. Tarakimu tunayopewa ni zao la hesabu. Kuipima tarakimu hiyo kwa kifaa kingine kinachofuata njia tofauti kabisa ndiko kunaitwa uhakiki.

Kifaa hicho kingine ni kioo kidogo kinachoning'inizwa kwenye puto. Kilomita 20 na kitu juu ya ardhi, katika stratosfia, yaani tabaka la angahewa lililo juu ya mawingu ya kawaida, kuna molekuli 4 au 5 tu za maji kwa kila molekuli milioni moja za hewa, na vipima unyevu vya kawaida vya maputo ya hali ya hewa haviaminiki katika ukavu na baridi hiyo. Kioo hupozwa mpaka kifanye utando wa sakitu, yaani barafu nyembamba ya mvuke ulioganda, huku mwale wa mwanga ukiuchunguza. Utando ukinenepa, kioo hupashwa moto, ukikonda, hupozwa. Ukitulia, jotoridi la kioo, mara nyingi nyuzi 80 na ushei chini ya sifuri, linatosha kukokotoa mvuke uliopo. Huko Boulder, Colorado, nchini Marekani, vioo hivi vinarushwa tangu 1980.

Navyo vina hila zao. Puto likipanda hubeba unyevu wa mawinguni kwenye ngozi na kamba yake, na kifaa kilicho chini hupita katika hewa hiyohiyo iliyochafuliwa. Ndiyo maana vipimo vya wakati wa kushuka, kifaa kikiwa kimetangulia, vina thamani kubwa.

Kulinganisha nako si kuweka namba mbili sambamba. MLS huona tabaka nene la kilomita 3 hivi kwa pamoja, kioo husoma kila baada ya mita chache. Lazima vipimo vya puto vilainishwe kwanza, yaani vichukuliwe wastani wake katika tabaka nene kama lile la MLS.

Kuanzia mwaka 2010 hivi, MLS ilianza kusoma unyevu mwingi kuliko vioo, pengo likipanuka kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Ni kidogo, lakini baada ya miaka 10 mtu angeweza kudhani stratosfia yenyewe inalowa. Sehemu ya pengo ilikuja kuonekana kuwa ni kifaa cha setilaiti kinachozeeka, na toleo la 5 la data zake likalipunguza, bila kuliziba lote.