Kwanini nobu ya gia ya kiwandani inagoma kutoka?

Watu wengi wakitaka kubadilisha nobu, kile kichwa unachoshika ukiingiza gia, wanaikamata kwa nguvu na kuisokota, ikigoma wanasema imeshikana na kutu. Mara nyingi sio kutu wala nini, kiwanda ndo kimeifunga makusudi, maana mkono wako unaisukuma siku nzima na leva yenyewe, kile chuma kinachobeba nobu, inatetemeka muda wote, ingeachwa hivihivi ingelegea na siku unapandisha mlima ukitaka gia ya pili inabaki mkononi. Halafu kuna ule mchoro wa namba za gia juu yake, nao lazima ukae umenyooka.

Sasa shida ni kwamba kila kampuni inafunga kivyake, na hapo ndo watu wanavunja vitu. Gari nyingi za Kijapani zenye klachi, nobu inaingia kwa uzi kama nati, unafungua kwa kuzungusha kushoto. Baadhi zimepakwa gundi ya kushika uzi, ndo unaona kama imechomelewa. Gundi hiyo haitaki ubabe, inataka joto. Chukua draya ya nywele, pasha nobu dakika kadhaa bila kuunguza ngozi ya nobu wala plastiki, shika na kitambaa au glavu ya mpira isiteleze, zungusha taratibu. Utasikia ka! halafu inakuwa nyepesi, na ikitoka utaiona ile gundi kavu imejaa kwenye mifereji ya uzi kama unga, safisha na brashi ya waya.

Ila jamani, usisokote nobu wakati leva haijashikwa. Inua ile ngozi inayofunika leva chini ya nobu, kamata chuma cha leva kwa mkono mwingine, kwasababu usipofanya hivyo nguvu yote inashuka kwenye bushi, vile vipande vidogo vya kwenye maungio, na kebo za gia huko chini, na bushi nyingi ni za plastiki tu. Kama gari lina pete ya kuinua ndo uingize rivasi, kama Subaru nyingi, angalia kwanza pete imeunganishwaje.

Ukija kwa Wajerumani mambo yanageuka kabisa. BMW nyingi za klachi hakuna uzi, nobu imebana kwenye leva, unaivuta juu moja kwa moja, na inatoka ghafla kweli kwahiyo weka uso mbali. Golf nyingi nobu imeungana na ngozi yake, unabandua fremu ya ngozi, unaipindua, chini yake kuna kibanio cha chuma, unakikata ndo vyote vitoke pamoja, na wakati wa kurudisha unaweka kibanio kipya.

Otomatiki ndo uwe makini zaidi, zile Toyota za zamani zenye kitufe cha O/D (overdrive, gia ya mwendo wa kasi) pembeni ya nobu zina nyaya zinapita ndani, ukianza kuzungusha tu unazikata.

Na nobu mpya usinunue kwa macho. Toyota nyingi uzi ni milimita 12 kwa 1.25, yaani unene wa uzi kwa nafasi kati ya mfereji na mfereji, Honda ni 10 kwa 1.5, Mazda ni 10 kwa 1.25. Nobu ya Honda kwenye Mazda itaingia mizunguko ya mwanzo vizuri tu halafu ibane, ukilazimisha uzi unaliwa, kwahiyo dukani mtajie muuzaji saizi ya uzi, sio jina la gari peke yake.