Bahari ya Coco haidai mtu: tunayoyaamini kuhusu mawimbi ya Dar, na yalivyo kweli

Idi pili, saa kumi alasiri, Coco Beach. Mihogo inakaangwa, watoto wamevaa nguo mpya, vijana wamevua viatu wakavirundika mchangani na kumwachia mmoja wao avilinde. Usiku zinaanza kuzunguka habari kwamba kuna aliyezama, na haipiti muda utamsikia mtu akisema: "Bahari ilikuwa inadai."

Nimeogelea na kuteleza kwa ubao kwenye miamba ile tangu nikiwa sekondari, na hakuna neno linaloniuma kama hilo. Likishasemwa, mazungumzo yamefungwa. Hakuna tena anayeuliza maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, upepo ulikuwa wa wapi, na yule kijana aliingilia upande gani wa mwamba. Na majibu yote yapo.

"Sikukuu bahari hudai watu."

Anza na kalenda. Idi el Fitri huja na mwezi mwandamo. Mwezi ukiwa mchanga, wenyewe na jua huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo ndipo tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Kilele cha bamvua hakiji siku ileile ya mwezi kuzaliwa, huchelewa kama siku moja au mbili. Hesabu mwenyewe, utaangukia Idi mosi na Idi pili. Pasaka nayo huwekwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa Machi au Aprili, na mwezi mpevu una bamvua yake. Isitoshe, bamvua za majira hayo, jua likiwa karibu na Ikweta, ni miongoni mwa kubwa kabisa za mwaka. Idi el Haj ni tofauti. Huwa mwezi 10 Mfungo Tatu, mwezi wa angani umeshapita nusu duara, na maji yanakuwa mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, au karibu na hapo.

Kwa hiyo Idi el Fitri na Pasaka, sikukuu ambazo Dar nzima inateremka ufukweni, zinaangukia kwenye maji makubwa, au karibu nayo. Bahari haichagui siku ya kudai. Sisi ndio tunaifuata siku ambayo maji yake yanakimbia zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa Msasani wanalijua bila kufungua kitabu. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na hujaa kabisa alasiri, saa kumi kuelekea saa kumi na moja. Mara zote iko hivyo, ikipishana kidogo tu. Familia inafika saa nne na nusu, inakuta bahari iko mbali, mwamba uko wazi, watoto wanatembea kwenye vidimbwi wakiokota makombe. Mguu unaizoea ile ardhi: hapa nilisimama, hapa maji yalinifika gotini. Saa tisa mtu anarudi palepale akiwa na imani ya asubuhi, kumbe juu ya lile jiwe sasa kuna maji yanayompita kimo.

"Maji hujaa polepole, utayaona yakija."

Hii ndiyo ningependa kila mzazi aikatae leo. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na dakika chache. Gawanya kimo chote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuchukue bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza ni sentimita 30, hata hushtuki. Lakini saa ya tatu na ya nne, kila moja ni sentimita 90. Kama yalipwa saa nne na nusu, basi kati ya saa sita u nusu na saa nane u nusu yamepanda mita 1.8. Hicho ni kimo cha mwanaume mrefu, ndani ya muda wa kula, kuswali na kupiga stori.

Kina mama wanaochokoa pweza miambani hawaisubiri saa ya tatu. Niliwahi kumfuata mmoja upande wa Kigamboni, chuma chake cha kuchokolea begani, ndoo mkononi. Alikuwa hatazami bahari hata kidogo, alitazama ufa mmoja kwenye jiwe. Maji yalipoanza kupita kwenye ule ufa kuja upande wetu, akageuka. Pweza wa mwisho alikuwa bado ndani ya tundu, mkono mmoja umetokeza. Akamwacha.

"Pale palipotulia ndipo salama."

Kwenye mwamba ni kinyume. Mawimbi yakivunjika juu ya mwamba huyasukuma maji kuja ndani, upande wa ufukwe. Yale maji lazima yatoke, na hayawezi kurudi juu ya mwamba kwa sababu mawimbi mengine yanakuja. Yanatafuta mlango, ule mwanya kati ya mwamba na mwamba ambamo kina ni kirefu. Penye kina wimbi halivunjiki. Kwa hiyo ukisimama mchangani unaona kushoto povu, kulia povu, na katikati njia ya maji tulivu, rangi imekolea. Asiyejua huingia papo hapo, na kumbe ndiyo njia ya kutokea. Wakati maji yanapwa kwa bamvua, jioni baada ya saa kumi na mbili, mlango huo hutoa maji kwa nguvu zaidi. Mkondo wa aina hii ukiwa mkali unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, kasi ya muogeleaji wa Olimpiki.

Na hauzamishi. Watu husimulia kwamba "maji yamemvuta chini." Mkondo huu hukupeleka nje, huku uko juu juu. Kinachoua ni kupigana nao, ukiogelea kurudi ulikotoka mpaka pumzi inakwisha. Ukishikwa, laza mgongo, elea, inua mkono mmoja uonekane. Ukipata nguvu, ogelea kwa kufuata ufukwe, si kuelekea ufukweni, mpaka utoke kwenye njia ile. Kwetu kuna nyongeza moja ambayo maelekezo ya fukwe za mchanga mtupu hayaisemi: usirudi kwa kupita juu ya mwamba wenye maji haba. Songa hadi uone mchanga chini.

Mimi ulinishika nikiwa na miaka kumi na sita. Nakumbuka sauti za watu zikipungua, na jinsi nilivyokuwa naona paa la kibanda cha mihogo lakini silikaribii. Aliyenitoa ni mvuvi mwenye ngalawa, akaniambia neno moja tu: "Lala."

"Maji yakijaa ndipo mawimbi yanakuwa makubwa."

Wimbi huvunjika pale kina kinapofikia kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita 1 litavunjika kwenye maji ya mita 1.3 hivi. Maji yakiwa nusu, kina hicho kiko juu ya mwamba, mbali na wewe. Yakijaa, wimbi lilelile hupita juu ya mwamba bila kuvunjika na kuja kujipiga karibu na miguu yako, nawe unadhani limekua. Halijakua, limehama.

Kwa sisi wa ubao, saa yetu ni nusu ya kujaa. Mapema zaidi, mwamba utakuchana mbavu; baadaye zaidi, wimbi linapoteza umbo. Ukichanika, osha kwa maji safi na sabuni, toa chembe zote za tumbawe. Maji ya chumvi hayatoshi, jeraha la mwamba huoza haraka.

"Kusi ni mbaya, kaskazi ni shwari."

Nusu yake ni kweli. Kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, hukaza zaidi Juni hadi Agosti, na ndiyo inayotuletea mawimbi. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, katikati ya kusi. Lakini ndani ya kusi kuna asubuhi nzuri kuliko siku nyingi za kaskazi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko bahari, na upepo wa baharini huja kuongezeka juu ya kusi yenyewe. Alfajiri hadi saa tatu maji ya Coco yanaweza kuwa yamenyooka, na saa nane yakawa kama yamefurugwa kwa mwiko. Kaskazi nayo, hasa Januari na Februari, ina siku zake kali, na siku hizo huzielekea zaidi fukwe zilizo wazi upande wa kaskazini-mashariki.

Ukitaka utulivu wa kweli, subiri tanga mbili, Machi na Aprili au Oktoba na Novemba, upepo ukiwa haujaamua. Mzee mmoja wa Msasani huwa namwamkia asubuhi kabla sijaingia. "Shikamoo babu. Leo vipi?" "Marahaba. Upepo ukiamka kabla yako, rudi kalale." Nimemsikiliza miaka yote na sijajuta.

"Hakuna upepo, hayo mawimbi ni ya ajabu."

Ni ya mbali. Upepo mkali ukivuma siku kadhaa huko nje, mawimbi yake husafiri maelfu ya kilomita na kufika baada ya ule upepo kufa. Hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi. Zikiwa tano au sita, ni la upepo wa hapahapa. Zikiwa kumi na mbili na zaidi, ni mgeni kutoka mbali, na huyo mgeni ana nguvu kuliko anavyoonekana. Pia huja kwa makundi: dakika kumi kimya, halafu matano mfululizo. Simama utazame robo saa kabla ya kulowesha mguu.

"TMA walisema mita 2, mimi nimeona 3. Wanabahatisha."

TMA ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na namba yao si ya wimbi kubwa kuliko yote. Kimo kinachotajwa kwenye utabiri wa mawimbi ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa. Katika bahari ya mita 2, moja moja litafika karibu mita 4, na utabiri bado uko sahihi. Vilevile programu za simu zinazotoa "mawimbi ya Dar" zinakadiria eneo la bahari lenye upana wa kilomita nyingi. Hazijui visiwa vyetu vya Bongoyo na Mbudya wala mlango ulioko mbele ya miguu yako. Soma taarifa ya TMA ujue siku ikoje, kama ni angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, kisha macho yako yamalizie.

"Vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska."

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukizungusha kimbunga. Ndiyo maana ni nadra. Nadra si kamwe: Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, Jobo kilitujia Aprili 2021 kikadhoofika kabla ya kufika, na Hidaya kikafika Mafia Mei 2024. Angalia miezi. Wakati wa masika, kusi ikianza, taarifa za hali ya hewa zisikupite.

"Mvua ndiyo inayochafua bahari."

Mvua haiinui mawimbi. Ila inaushusha mto Msimbazi, na Msimbazi huingia baharini si mbali na Coco ukiwa umebeba maji taka ya jiji. Baada ya mvua kubwa mimi siingii siku mbili tatu, hata wimbi likiwa zuri namna gani. Tumbo la mtoto wa dada yangu ndilo lililonifundisha.

"Mwamba ni jiwe tu."

Ni viumbe hai, na ndio ukuta wetu. Sehemu kubwa ya nguvu ya wimbi huishia pale, kabla halijafika mchangani. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na bado kwa miaka mingi baruti ya kuvulia samaki ilipigwa kwenye maji ya mkoa huu. Tumbawe lenye umbo la kichuguu hukua kama sentimita moja kwa mwaka, mara nyingi chini ya hapo. Mlipuko mmoja unafuta kazi ya miaka mingi kuliko umri wa aliyeurusha. Ukizamia na miwani utapaona palipopigwa: vipande vyeupe vimelala kama vigae, samaki wachache, na juu yake wimbi linapita zima zima, halijavunjika, likielekea ufukweni.