Kliniki Anahudhuria, Kujifungua Anabaki Nyumbani

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulikuja na takwimu mbili ambazo huwa hazisomwi pamoja. Asilimia 98 ya wanawake walihudhuria kliniki ya wajawazito kwa mtaalamu wa afya walau mara moja. Waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 63 tu. Zaidi ya theluthi moja, basi, walizalia nyumbani au njiani, na karibu wote hao walikuwa na kadi ya kliniki mkononi. Njia ya kwenda zahanati walikuwa wanaijua na muuguzi wa pale walishamwona.

Ndiyo maana huwa sikubaliani haraka na watumishi wenzangu wa afya wanaosema akina mama "waelimishwe". Mwanamke huyu ameshaelimishwa. Alipokuwa kliniki ameambiwa umuhimu wa kujifungulia kwa wataalamu hadi amekariri. Alichofanya siku ya uchungu ni kupiga hesabu, na hesabu ikakataa.

Uchungu hauangalii saa. Unaanza saa nane za usiku, mvua inanyesha, korongo limejaa. Bodaboda ya elfu mbili mchana inataka elfu kumi usiku, tena dereva lazima aamshwe. Mume yuko machimbo na simu haipatikani, na bila yeye hakuna wa kutoa ruhusa wala hela. Mama mkwe anasema tusubiri kidogo, mimi nimezaa sita humu ndani. Watoto wadogo wataachiwa nani? Kisera, huduma kwa mjamzito katika vituo vya serikali ni bure. Lakini aliambiwa afike na glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni na khanga safi. Wapo wanaobaki nyumbani kwa aibu tu, kwa sababu khanga walizonazo zimechakaa na wodini watu watatazama.

Halafu kuna jambo ambalo sisi watumishi hatupendi kulizungumza hadharani, nalo ni ndimi zetu. Mzazi aliyefokewa kwenye uzazi wa kwanza, akaulizwa mbele za watu kama alipokuwa anaitafuta hiyo mimba alilia hivyo, hasahau. Anamsimulia mdogo wake, mdogo wake anamsimulia jirani. Bango la ukutani haliwezi kushindana na simulizi hiyo.

Kwamba wanawake wanachambua, si kwamba hawajui, ilionekana vizuri wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba kati ya waliojifungulia vituoni, zaidi ya wanne katika kila kumi waliipita zahanati iliyo karibu nao wakaenda mbali zaidi. Walikuwa tayari kutembea, ilimradi mwisho wa safari wakute dawa na mtu anayeijua kazi yake.

Hali imebadilika sana tangu hapo, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 2022 waliojifungulia vituoni Tanzania walifika asilimia 81. Kenya iliondoa malipo ya uzazi katika vituo vya umma Juni 2013, nayo ikatoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi 82 mwaka 2022. Vituo vimesogea, vingi sasa vina chumba cha upasuaji, na vifo vya akina mama vimeshuka. Takwimu moja tu imegoma. Vifo vya watoto wachanga wa chini ya siku 28 Tanzania vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015-16. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Wazazi wengi zaidi wamefika kituoni, na watoto wachanga wanakufa karibu vilevile. Kufika ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni yetu sisi tunaopokea.

Tuchukue mfano wa kuvuja damu, maana ndiko kunakoua wazazi wengi kuliko chanzo kingine chochote. Mtoto akishatoka, mji wa mimba unatakiwa kujikaza wenyewe ili mishipa iliyokuwa inalisha kondo la nyuma ijifunge. Ukilegea, damu inatoka kwa kasi, na mama aliyekuwa mzima kabisa anaweza kufa ndani ya saa mbili hivi. Saa mbili ni muda wa kutafuta bodaboda na kubishana bei. Kituoni, ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, mkunga anamchoma mama pajani sindano ya oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, kisha anaukanda mji wa mimba kwa mkono mpaka uwe mgumu chini ya kiganja. Dawa hiyo inataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa muda mrefu kwenye joto bila jokofu, nguvu yake inapungua.

Shida nyingine ni kujua damu imezidi. Miaka ya mwanzoni mwa 2000, katika mradi mmoja huko Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa khanga: mbili zikilowa chapachapa, damu imefika kama nusu lita, ni hatari. Inashangaza kidogo kwamba katika wodi nyingi za kisasa wataalamu waliendelea kukadiria kwa macho, na macho hudanganya. Utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yake yakatolewa mwaka 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mzazi. Damu ikifika kwenye alama, matibabu yote yanaanza kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine: kukanda mji wa mimba, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mishipa na kukagua inakotoka. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki!

Sasa niseme na familia. Uamuzi wa wapi mama atajifungulia usingoje uchungu. Ukae mezani mimba ikiwa na miezi saba: nani anampeleka, hela ya usafiri iko wapi, nani anabaki na watoto, na ndugu yupi yuko tayari kutoa damu ikihitajika. Baba akisafiri, aache ruhusa na hela nyumbani, asiondoke navyo. Mwenye mimba ya kwanza, ya tano au zaidi, mapacha, aliyewahi kupasuliwa, mwenye kimo cha chini ya sentimita 150, au aliyewahi kupata kifafa cha mimba asikipange kituo kisichofanya upasuaji. Kama kwake ni mbali, aulizie mapema hospitali yenye nyumba ya mama ngojea akakae huko wiki za mwisho.

Kutokwa damu ukeni, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni: hapo hakuna tusubiri kidogo. Ukiwa Tanzania, piga 115, bure. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanzia wilaya chache za Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Anayepokea simu huuliza dalili, na kama ni dharura hutuma gari la wagonjwa, au gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa kama la wagonjwa liko mbali. Dereva analipwa na serikali, mama halipi. Si teksi ya uchungu wa kawaida. Ni kwa dharura ya mjamzito, ya mzazi ndani ya siku 42 na ya mtoto ndani ya siku 28.

Na aliyezidiwa akazalia nyumbani au njiani bado aende kituoni siku hiyohiyo, na kondo la nyuma alibebe likaguliwe, kwa sababu kipande kikibaki tumboni damu inaweza kuanza baadaye. Mtoto apimwe, kitovu kikaguliwe, achanjwe. Kisha warudi siku ya 7, ya 28 na ya 42. Wengi hawaendi kwa kuogopa kugombezwa kwamba mbona hukuja mapema. Muuguzi mwenzangu unayesoma hapa, mama huyo akifika mlangoni mpe kwanza kitanda, mpime presha na damu. Maswali ya ilikuwaje ataulizwa akishapumzika.