Viatu vya hoki havinunuliwi vya kukulia

Kila ifikapo Septemba, siku ambazo viwanja vya barafu vya hapa Edmonton, Kanada, vinaanza kujaa watoto wa rika la chini ya miaka 7 na chini ya miaka 9, sehemu kubwa ya siku yangu huipitisha nikiwa nimepiga goti mbele ya miguu midogo. Kazi yangu katika duka la vifaa vya michezo ni kuwavalisha wachezaji wa hoki ya barafuni viatu vya barafu, kuvipasha moto ili vishike umbo la mguu, na kunoa vyuma vyake. Wazazi wengi wanaonijia siku hizi ni wenzangu katika lugha, waliotoka Nakuru, Morogoro, Bukavu au Bujumbura, watu ambao barafu waliyoijua utotoni ni ile ya ukwaju, ya kunyonya kwenye mfuko wa nailoni. Karibu wote huingia dukani na ombi moja: nipe kubwa kidogo, namba mbili tu, atakulia ndani.

Ombi hilo nalielewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilivaa sare ya darasa la kwanza mpaka darasa la tatu, na viatu vyangu vya shule vilijazwa karatasi za magazeti mbele hadi miguu ilipovifikia. Kwa sare na kwa viatu vya shule ni busara. Kwa viatu vya hoki ni hasara, tena hasara ambayo mzazi haioni siku ya kununua, bali huiona miezi miwili baadaye mtoto anapokataa kwenda mazoezini.

Sababu iko kwenye chuma. Chuma cha chini ya kiatu cha hoki kina unene wa takriban milimita 3 tu. Kikinolewa, jiwe la mashine hukichimba mfereji mwembamba katikati, urefu wake wote, na hivyo kukiachia kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kila analolifanya mchezaji, iwe ni kusukuma, kukata kona au kusimama ghafla, hulifanya kwa kuulalia ukingo mmoja au mwingine kwa kiasi kinachotakiwa. Goti huelekeza, kifundo hupokea, kisigino huvuta, ndipo kiatu kitii. Kiatu kikipwaya, mguu husogea kwanza ndani yake, kisha kiatu hufuata kikiwa kimechelewa, na kwa mtoto anayejifunza kuchelewa huko ndiko kuanguka. Baada ya kuanguka mara kadhaa huanza kujilinda: huvilaza vifundo kwa ndani, hutembea juu ya barafu badala ya kuteleza, na watu wazima waliokaa kwenye viti huambiana kwamba mtoto huyu ana vifundo dhaifu. Katika miaka yangu ya kazi hii nimewaona watoto wachache sana wenye vifundo dhaifu kweli. Wengi niliowaona walikuwa na viatu vikubwa.

Tuzihesabu hizo namba, maana ukisema «namba mbili tu» unadhani umesema kitu kidogo. Katika vipimo vya viatu vya Marekani Kaskazini, namba moja ni theluthi ya inchi, yaani zaidi kidogo ya milimita 8, na nusu namba ni kama milimita 4. Kuongeza namba mbili, basi, ni kuongeza karibu milimita 17 mbele ya mguu ambao pengine wote una sentimita 20. Kiatu hakiongezeki urefu peke yake pia. Hupanuka, huwa na kina kikubwa zaidi, na mahali pa kisigino huwa papana. Chuma nacho huwa kirefu, na kitovu cha uzito wa mtoto hakikai tena pale mtengenezaji alipokusudia.

Jambo linalowashtua wazazi zaidi ni kwamba namba ya kiatu cha barafu huwa ndogo kuliko ya kiatu cha kawaida, kwa namba moja hadi moja na nusu. Mtoto anayevaa viatu vya shule namba 2 kwa vipimo vya huku, mimi humwanzia kwenye namba 1, na wakati mwingine 13.5, ambayo ndiyo ya mwisho katika safu ya watoto wadogo kabla hesabu haijarudi kwenye 1. Mwaka jana mama mmoja kutoka Morogoro alikuja na kijana wake wa miaka saba, akanitajia namba, na nilipomletea kiatu kilichokuwa chini ya namba hiyo akakirudisha mikononi mwangu. «Kaka yangu, umenisikia vibaya. Mimi nimeomba namba mbili juu, wewe unanipa moja chini?»

Nilimwomba anipe dakika kumi. Kijana alikuwa amevaa soksi mbili za sufi, moja juu ya nyingine, nikamvua zote nikamvalisha soksi moja nyembamba. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kosa la kwanza: soksi nene haiongezi joto ndani ya kiatu kilichobana, bali huzuia damu kupita, hunyonya jasho, na mguu huishia kuwa baridi zaidi. Kisha nikampima akiwa amesimama, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, juu ya kile chombo cha chuma cha Brannock kilichobuniwa Syracuse, New York, miaka ya 1920. Duka letu lina pia mashine ya kupiga picha ya mguu pande zote, na watoto huipenda, lakini mimi hupenda kukianza kipimo kwa kile chuma cha kale. Mguu wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa milimita chache, kama ilivyo kwa watu wengi. Kiatu huchaguliwa kwa mguu mkubwa.

Kisha tukatoa soli ya ndani ya kile kiatu alichokitaka mama, tukaiweka sakafuni, kijana akaikanyaga kisigino kikiwa kimegusa ukingo wa nyuma. Mbele ya kidole gumba ilibaki nafasi ya kuingiza vidole vyangu viwili. Tukatoa soli ya kiatu nilichokileta mimi: ilibaki nafasi ndogo, chini ya upana wa kidole changu kidogo. Mama aliziinua soli zote mbili, akazipanga mgongo kwa mgongo, akaziangalia kwa muda bila kusema. Soli ya ndani ndiyo shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu haitaki umwamini muuzaji.

Kiatu kikishavaliwa, mtoto apige kisigino sakafuni mara mbili tatu, ncha ya mguu ikiwa juu, ili mguu urudi nyuma kabisa, kisha ndipo kamba zifungwe. Akisimama wima, vidole vyake viguse kidogo ukuta wa mbele, pasipo kukunjika. Akikunja magoti kama anayetaka kukaa kwenye kigoda, vidole viachane na ukuta. Wazazi wengi humwuliza mtoto akiwa wima, mtoto husema vidole vinagusa, na kiatu kinachomfaa hurudishwa rafuni. Mtoto hachezi hoki akiwa wima. Namwambia akunje magoti na abaki hivyo wakati nikimshika kisigino kwa nje na kumwomba akiinue. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, hata nusu sentimita, kiatu hicho si chake, hata kama vidole vina raha.

Kina cha kiatu husahauliwa, nacho ndicho kinachowaumiza watoto wenye miguu minene juu ya wayo. Legeza kamba, vuta ulimi wa kiatu mbele, kisha laza penseli kuvuka kiatu kwenye jozi ya tatu ya matundu ya kamba kutoka juu. Penseli ikitulia pande zote mbili bila kuinuliwa na mguu, kina kinatosha. Mguu ukiinyanyua penseli, kiatu ni kifupi kwa kina, na kamba zitamkandamiza kano za mbele ya kifundo mpaka apate maumivu ambayo wachezaji huyaita kung'atwa na kamba. Upana nao husomeka kwenye kamba: zikifungwa, nafasi kati ya safu mbili za matundu iwe ya vidole viwili hadi vitatu. Safu zikikaribia kukutana, kiatu ni kipana mno. Zikiachana sana, kinabana. Bauer siku hizi hugawa viatu vyake katika maumbo matatu, Fit 1, Fit 2 na Fit 3, kutoka mguu mwembamba hadi mnene, na CCM nao wana maumbo yao matatu, kwa hiyo kiatu kikigoma upana, badilisha umbo kabla ya kukimbilia namba kubwa.

Je, hakuna kabisa nafasi ya kukua? Ipo. Kwa mtoto nakubali nusu namba, isizidi hapo, tena kwa sharti kwamba kisigino kimeshikwa. Namna ya kuiona ni hii: kamba zikiwa zimelegezwa kabisa, mtoto asogeze mguu mbele hadi vidole viguse ukuta, kisha jaribu kuingiza kidole chako cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja kwa kubanwa, sawa. Vikiingia viwili, rudisha.

Onyo dogo kwa mzazi mwenye uwezo. Viatu vya daraja la juu kabisa, vile vya watu wazima vinavyopita dola 1,000 za Kanada, vina magamba magumu kwa sababu vimeundwa kumbeba mtu wa kilo 90 anayekwenda kasi. Kuna matoleo ya watoto yanayofuata mtindo huo, na mtoto wa kilo 25 akiyavaa hawezi kukunja kifundo hata kidogo. Kwa anayeanza, kiatu cha bei ya chini au ya kati kinachoinama kidogo ni bora kuliko fahari hiyo.

Kuhusu kupasha moto: tanuri la dukani huwekwa kwenye takriban nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika chache, mtoto huvaa kiatu kikiwa laini na kukaa kitini bila kutembea mpaka kipoe, na barafuni hakipelekwi kwa saa 24. Viatu vingi vya watoto wadogo havihitaji hata hilo. Usijaribu kwenye oveni ya nyumbani. Nimeletewa gundi iliyoyeyuka, na sina dawa yake.

Baada ya hapo kazi ni ya mzazi. Katika msimu, kila baada ya wiki sita hadi nane, toa soli ya ndani na umsimamishe mtoto juu yake. Vidole vikifika ukingoni, nenda dukani. Vikipita ukingo, umechelewa. Usingoje mtoto alalamike, kwa sababu watoto wa umri huu huogopa kwamba wakisema kiatu kinabana wataondolewa kwenye timu. Angalia badala yake kama anakaa chini kuvua viatu mara tu anapotoka barafuni, kama ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi, au kama nyuma ya kisigino pamevimba kinundu kigumu.

Ukisikia «kila baada ya wiki sita» utaniuliza fedha zitatoka wapi, na jibu langu, ambalo mwajiri wangu halipendi sana, ni mitumba. Viatu vya hoki vya watoto hupitwa na mguu kabla havijachakaa. Kabla ya kununua, bana kiatu kwa mkono mmoja pale kwenye kifundo: kuta zikikunjana na kukutana kama kitambaa, kiatu kimekufa. Tazama ribiti zinazoshika kishikio cha chuma, uhakikishe hakuna iliyolegea. Tazama chuma kimebaki na kimo gani chini ya plastiki, kwa maana kila kunoa hukila. Kutu ya juu juu huondoka kwenye jiwe. Iliyochimba mashimo haiondoki. Na kama ada yenyewe ya kucheza ndiyo kikwazo, mashirika ya KidSport na Jumpstart huzisaidia familia zenye kipato kidogo.

Viatu vya kukodi navihurumia. Aliyewahi kuteleza kwenye hoteli ya Panari, Nairobi, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2005 na ambako timu ya hoki ya Kenya Ice Lions ilijifunzia mchezo, anajua kwamba kiatu cha kukodi ni cha kila mtu, na kwa hiyo si cha yeyote. Kwa saa moja ya furaha kinatosha. Kwa mazoezi ya kila wiki hakifai.

Jambo la mwisho ni kunoa, maana wazazi wengi hawajui kwamba viatu vipya mara nyingi hutoka kiwandani bila makali ya kutosha, na mtoto aliyevaa kiatu kinachomkaa sawasawa bado ataanguka kama chuma ni butu. Kipimo cha mfereji ni nusu-kipenyo cha duara lililouchimba, kwa hiyo kadiri namba inavyopungua ndivyo mfereji unavyozidi kina. Nusu inchi ni kipimo cha kawaida. Kwa mtoto mwepesi mimi hutumia thumuni tatu za inchi (3/8), yaani mfereji wenye kina zaidi, kwa kuwa uzito wake hautoshi kukizamisha chuma barafuni.

Yule mama wa Morogoro alinunua kile kiatu kidogo, ingawa uso wake ulikuwa bado haujaridhika. Alirudi katikati ya Januari, siku ya baridi kali, kijana hayupo. Alifungua mkoba wake, akatoa soli mbili za ndani zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, zikiwa na mistari ya kalamu ya wino aliyoichora yeye mwenyewe mahali kidole gumba kilipofikia mwezi Oktoba, Novemba na Desemba, akaziweka juu ya meza yangu na kuniuliza kama bado kuna wiki mbili au aanze kutafuta mtumba sasa hivi.